Mikono Iliyopita Kwenye Redio ya Baba

Redio ya baba ilikufa saa nne na nusu usiku, katikati ya mkesha wa harusi ya mpwa wangu, nyumbani kwetu Magomeni, wakati akina mama wameshajifunga khanga viunoni na wanataka kucheza. Haikufa kwa kishindo. Sauti ilikwaruza mara mbili, ikawa nzito kama ya mtu anayeongea huku anatafuna, kisha kimya. Halafu ikaja harufu. Aliyewahi kuunguza kifaa cha umeme anaijua. Inakaa puani hadi kesho yake mchana. Mama alitoka uani na mwiko mkononi, akanusa, akasema, "Hiyo ni redio ya baba yenu," akarudi kwenye sufuria lake.

Wakaleta sabufa ya jirani, shughuli ikaendelea. Bwana harusi mtarajiwa sikumwona tena usiku ule. Alijificha kwa shangazi zake, nikajua kuna jambo.

Baba aliinunua mwaka 1986. Miaka miwili kabla yake serikali ilikuwa imeruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, vitu vikaanza kurudi mjini baada ya miaka ya foleni za sukari na sabuni. Yeye alikuwa karani bandarini, na baharia mmoja aliyefahamiana naye ndiye aliyemletea: amplifaya (kile kikuza sauti), tyuna, deki ya kaseti na mashine ya santuri, vyote vya Kijapani, pamoja na spika mbili zilizonifika kifuani nilipokuwa darasa la kwanza. Sisi tuliviita vyote kwa jumla "redio". Bara hapakuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo kwa miaka minane redio ile ndiyo ilikuwa sinema yetu, taarifa yetu ya habari na uwanja wetu wa mpira. Ilikaa kwenye kabati la vioo, juu yake kitambaa cha kufuma cha mama, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kugusa nobu.

Ningeweza kuachana nayo. Mjini hapa sabufa mpya unainunua ukiwa unaelekea kwako na chenji inabaki. Tatizo ni mama. Sabufa haipendi. "Inanipiga kifuani," anasema, "lakini maneno siyasikii." Na kusema kweli hajakosea.

Mimi ni mhasibu. Ujuzi wangu wa umeme ulianzia kwenye kubadilisha plagi na kuishia hapohapo. Lakini Jumapili baada ya harusi nilichukua bisibisi, nikafungua skrubu za kifuniko cha amplifaya, nikakiinua. Vumbi lililokuwamo ndani ungeweza kupanda mchicha. Mende wakavu kumi na kitu, na mjusi mmoja aliyekauka akiwa amekumbatia transfoma kwa ajili ya joto lake. Mahali pa fyuzi palikuwa panang'aa. Nikasogeza tochi. Fyuzi ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Kwa wasiojua: fyuzi ni uzi mwembamba ndani ya kibomba cha kioo, na kazi yake pekee ni kufa kabla ya wengine. Umeme ukizidi, uzi unakatika, vilivyo nyuma yake vinapona. Ukiizungushia karatasi ya sigara umemfukuza mlinzi ukaacha geti wazi. Nilimwita mama nikamwonyesha, nikisubiri amlaumu fundi fulani wa zamani. Akacheka hadi akakaa kitini.

"Hiyo kazi ya baba yako. Siku ile Simba walipokuwa Abidjan. Fyuzi ikakatika jioni, maduka yamefungwa, akachanganyikiwa kama mtu aliyefiwa. Akachukua pakiti ya jirani."

Kwa maelezo hayo ilikuwa Novemba 1993, fainali ya Kombe la CAF, mechi ya kwanza dhidi ya Stella iliyoisha bila bao. Marudiano hapa Dar Simba wakafungwa mbili bila. Baba aliishi akijisifu kwamba redio yake haijakata fyuzi tangu miaka ya tisini, na sisi tulidhani ni sifa ya Wajapani. Mtu aliyenifundisha kunyoosha mstari wa daftari kwa rula, kumbe ndiye aliyefanya vile. Nilishika ile karatasi kwa muda.

Mpwa wangu naye alikiri alipotoka fungate. Usiku ule aliona muziki haufiki uani, akaazima spika mbili za mtu, akaziunganisha kwenye nyaya zilezile za spika zetu. Nyuma ya amplifaya imeandikwa wazi kwamba inataka spika za omu 8 hadi 16, omu ikiwa kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Zetu ni za omu 8, zile za kuazima zilikuwa za omu 4. Ukizifunga pamoja namna ile hazijumlishwi, zinapungua: ampu inajikuta inatazama omu mbili na ushee, na mkondo unaodaiwa ni mara tatu ya ule wa kawaida. Ni kama bomba lililozoea kujaza ndoo moja kuambiwa lijaze tatu kwa wakati uleule. Hapo ndipo fyuzi ilipotakiwa kufanya kazi yake, na ndipo karatasi ya 1993 ilipoidhulumu.

Nikaenda Kariakoo. Kutazama tu nilikuwa nimeona kipande kipana cheusi, kimefungwa kwenye bati la alumini la kupoza, kimepasuka pembeni. Juu yake maandishi yanaanza na STK. Mafundi wote wa mjini wanazijua hizi STK. Ndani ya kipande kimoja kuna vikuza sauti vya pande zote mbili, kushoto na kulia, na redio nyingi za miaka ya themanini zimejengwa juu yake. Dukani nilionyesha picha kwenye simu. Kijana akatoa boksi jipya, maandishi meupe yanametameta.

"Orijino?"

"Orijino kabisa bosi. Japani."

Nikalipa elfu kumi na nane. Nikanunua na chuma cha kulehemu, risasi ya kulehemea, na mita ya bei rahisi. Jumamosi nzima ilikwisha nikitoa miguu ya kipande cha zamani kwenye bodi, na nilipomaliza njia mbili za shaba zilikuwa zimebanduka kwa sababu niliuweka moto mahali pamoja kwa muda mrefu mno. Nikaziunga kwa vipande vya waya. Nikaweka fyuzi halali, nikaunganisha spika moja ya sabufa mbovu kwa majaribio, nikachomeka. Spika ikasema "tup!", koni yake ikasukumwa nje ikabaki hukohuko. Nilifurahi! Nilidhani uhai umerudi. Nilihesabu sekunde kama kumi, kisha harufu ileile.

Nilizunguka na hasira wiki mbili. Kisha mfanyakazi mwenzangu akanielekeza kwa mzee mmoja mwenye kibanda upande wa Gerezani. Nilipanda basi la mwendokasi Magomeni Mapipa na amplifaya ndani ya mfuko wa salfeti, nimeipakata kama mtoto mgonjwa, kilo kumi hivi, na dada aliyekaa pembeni akaniuliza kama ni mashine ya kusaga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Iweke taratibu. Usifungue." Akavuta benchi. "Nani aliigusa mwisho?"

"Mimi."

"Kabla yako?"

"Mpwa wangu. Na kabla yake, baba."

"Na kabla ya baba?"

Sikujua.

"Basi hii kesi ina washitakiwa wengi," akasema. "Redio haiharibiki, kijana. Inaharibiwa."

Nilikuja nikidhani atachukua mita. Akachukua brashi ya rangi. Nusu saa nzima alifagia vumbi, akalipuliza kwa mashine, akafuta kwa spiriti. Mji wetu uko baharini, alisema, vumbi la hapa lina chumvi na unyevu, linapitisha umeme kidogo kidogo. Ukipima juu ya uchafu, mita inakupa majibu ya uchafu. Alipomaliza aliiinua bodi kwenye mwanga, akaanza kusoma. Nasema kusoma kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Risasi ya kiwandani inang'aa na ni ndogo, nadhifu. Ya mikono ya baadaye ni mabonge yaliyofifia. Alinyooshea kidole bonge moja baada ya jingine: hapa alipita mtu, hapa alipita mwingine, hapa, na hapa umepita wewe. Yangu yalikuwa mabaya kuliko yote, na hakunificha.

Aliniomba kile kipande nilichonunua. Akakibana kwa koleo, kikapasuka kama korosho. Akapasua na kile cha zamani. Ndani ya cha zamani mlikuwa na vijisahani vya transista vikubwa, vimekaa juu ya shaba. Ndani ya changu vilikuwa vidogo kama punje za mchele. Uso wa orijino, tumbo la bandia. Lakini hakunipa nafasi ya kumlaani muuzaji.

"Ulipowasha, spika ya majaribio ilifanyaje?"

"Ilisema tup."

"Koni ilirudi?"

"Haikurudi."

"Basi ilikwambia, hukuisikiliza." Akaeleza: spika inatakiwa kupokea umeme unaokwenda na kurudi, ndiyo sauti. Koni ikisukumwa nje ikabaki hukohuko, ujue unaoingia ni umeme ulionyooka, kama wa betri, na hapo una sekunde chache za kuchomoa kabla koili haijaungua. Chanzo alikionyesha kwa ncha ya bisibisi: rizista moja ndogo, kifaa cha kuzuia umeme, upande wa kushoto, nyeusi hadi mistari yake ya rangi haisomeki. Mita ikasema imekatika. Ile ndiyo iliyokuwa ikishika mzani wa upande huo. "Hata ungeweka halisi, ingekufa vilevile." Bei ya rizista hiyo ilikuwa shilingi mia mbili.

Kabla ya kuendelea alinituma balbu. Ya wati 100, ya uzi wa zamani, si hizi za LED. Nilidhani ni rahisi. Nilipita maduka matano ya umeme, wauzaji wananitazama kama naulizia taa ya chemli. Nilizipata mwishowe kwa muuza chakula cha kuku. Watu bado wanazitumia kupasha joto vifaranga. Nikanunua tatu, na mpaka leo mbili ninazo kabatini kama dhahabu.

Balbu ile unaifunga katika waya mmoja wa umeme unaoingia kwenye redio, ili umeme lazima upite kwanza kwenye balbu. Ukiwasha, ikiwaka kwa nguvu na kubaki inawaka, ndani kuna mahali umeme umekutana. Chomoa, hakuna kilichoungua zaidi kwa sababu balbu imebeba mzigo. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, zimejaa na hali ni njema. Yetu, bila STK, ilimulika ikafifia. Transfoma ya baba ilikuwa hai. Mzee akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyesikia moyo. Elfu kumi na nane zangu zingeokolewa na balbu ya kuku.

Hakutaka kunitengenezea. "Umeshaiharibu, itengeneze mwenyewe, mimi nitakuwa naangalia." Kwa hiyo Jumamosi sita mfululizo nilikuwa pale, benchi la nje, nikinywa kahawa chungu na kulehemu chini ya macho yake. Alinifundisha kupasha joto shaba na mguu wa kifaa kwanza, kisha ndiyo risasi iletwe iyeyuke yenyewe, badala ya kuyeyusha tone juu ya chuma na kulipaka kama gundi. Sekunde mbili tatu, ondoa. Alinifundisha kupiga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. STK ya tatu tuliitoa kwenye redio mfu iliyokuwa dari ya kibanda chake. Kwa kipande kama hicho, alisema, bora cha maiti kuliko kipya kisichojulikana baba yake. Ute mweupe wa kupitisha joto niliupaka kama siagi kwenye mkate, akaufuta wote, akaacha utando unaoonekana kwa shida.

Kabla ya spika, mita kwanza, kwenye matundu ya spika. Ikisoma karibu na sifuri, milivolti kumi, ishirini, sawa. Ikipanda hadi volti nzima, hakuna spika inayosogea hapo. Yetu ilisoma 14 kulia na 22 kushoto.

Ikaimba. Lakini nyuma ya sauti palikuwa na ngurumo, kama jenereta mtaa wa pili. Nilikuwa tayari kubadilisha kila kitu. Mzee akasema tu, "Punguza sauti yote." Nikapunguza hadi mwisho. Ngurumo ilibaki palepale. Basi haitokani na deki wala waya za nyuma. Kitu kinachoingilia mwanzoni kingepungua pamoja na nobu. Hii ni ya kwenye sehemu inayoilisha redio umeme, kapasita kubwa mbili za kulainisha umeme baada ya kugeuzwa uwe wa upande mmoja. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukishapita kwenye diodi, ndizo zinazougeuza, unabaki na mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita zikichoka mawimbi hayo yanapenya hadi kwenye spika. Mzee aliweza kutofautisha ngurumo ya 50 na ya 100 kwa sikio tu, ya pili ina ukali kidogo kama nyuki. Mimi siwezi bado.

Kazi ya kapasita niliifanyia nyumbani, na hapo nilifanya ujinga ambao sitausahau. Niliambiwa zinahifadhi umeme hata redio ikiwa imechomolewa, nizimalize taratibu kwa rizista. Sikuwa na rizista mkononi, nikagusisha bisibisi kwenye miguu miwili. Ulitoka mwanga na mlio kama wa fataki, na ncha ya bisibisi ikamegeka. Mama alipaza sauti kutoka chumbani akiuliza nimefanya nini. Nikasema kimeanguka kitu.

Nilipozitoa, moja ilikuwa imevimba kichwani, na maandishi yalionyesha volti 35. Bodi imechapwa 50, na mita yangu ilisoma 38. Mkono mwingine uliopita: fundi fulani miaka fulani hakuwa na ya 50, akaweka iliyokuwepo. Kilichonishangaza ni kwamba ilidumu. Nilirudi Kariakoo, safari hii na mita inayopima mikrofaradi, yaani uwezo wa kapasita, nikapima kila moja juu ya kaunta kabla ya kutoa fedha. "Bosi umekuja na maabara," kijana alisema. Kati ya nne alizonipa, mbili zilikuwa nyepesi mkononi na zilisoma karibu nusu ya kilichoandikwa. Nilichukua zile nzito. Nikafunga mguu wa hasi mahali pa hasi, nikaangalia mara tatu, maana kapasita ya namna hii ukiigeuza inaweza kupasuka. Ngurumo ikaisha.

Nyuma ya ampu kuna kiswichi kidogo cha kuchagua volti, kimefunikwa na plasta ya zamani. Kilikuwa kwenye 220. Nikakisogeza 240, kwa sababu soketi ya kwetu usiku wa manane huwa inasoma zaidi ya 235. Ukinunua mtumba uliotoka Japani moja kwa moja angalia sana mahali hapo. Kule umeme wa majumbani ni volti 100, na vyombo vyao vya ndani mara nyingi havina kiswichi hicho kabisa. Vinataka transfoma ya kushusha. Bila hiyo, unachomeka mara moja tu.

Ikabaki kero moja iliyonisumbua kuliko zote: upande wa kushoto unapotea. Unasikiliza vizuri, ghafla sauti yote inahamia kulia. Ukiongeza sauti kwa nguvu kidogo, kushoto kunarudi "kwa!" kama mtu aliyeamshwa. Nobu nazo zinakwaruza. Nilishaanza kuishuku STK ya maiti. Mzee alisikiliza kwa dakika moja, akabonyeza kitufe cha kuchagua spika mara kadhaa, kushoto kukarudi, kukapotea, kukarudi. Kutu na uchafu kwenye swichi, basi. Sauti ndogo haina nguvu ya kupenya uchafu, kubwa inapenya. Akafungua akachungulia, akapaka kidole, akanusa.

"Nani ametia mafuta ya cherehani humu?"

Nilimpigia mama nikiwa palepale. Kimya kidogo.

"Zilikuwa zinakwaruza, mwanangu. Baba yako akiwa safari. Cherehani yangu ilipokuwa inakwaruza nilikuwa naitia tone, inatulia."

Na redio ilitulia kweli, kwa miaka. Kisha mafuta yakashika vumbi yakawa gundi. Nilisafisha swichi na nobu zote kwa dawa ya kupuliza inayouzwa kwa kazi hiyo, ile inayosafisha na kuacha utelezi kidogo, nikizungusha kila nobu kwenda na kurudi mara thelathini. Vidole viliuma. Mkwaruzo ukaisha kabisa. Katika kazi zote nilizofanya, hii ndiyo iliyobadilisha zaidi kwa gharama ndogo, na laiti ningeanza nayo ningejua mapema kwamba nusu ya niliyoyaita magonjwa yalikuwa uchafu.

Spika sikuzihangaikia sana. Sponji za kuzunguka koni zilikuwa zimeoza, ukigusa zinabaki kidoleni kama keki. Koili zilipona, kila moja ilisoma omu sita na nusu, na hivyo ndivyo spika ya omu 8 inavyosoma kwenye mita ya kawaida, usiogope. Nikabandika sponji mpya. Kisha betri ya redio ndogo, volti moja na nusu, chanya kwenye chanya: koni ikitoka nje, nyaya ziko sahihi. Moja yetu iliingia ndani. Mtu fulani, mkono mwingine tena, alikuwa amegeuza nyaya ndani ya boksi, na spika zikisukuma kinyume besi inapotea hewani. Labda ndiyo maana baba alikuwa akiongeza besi hadi mwisho miaka yote ile.

Kuhusu kitambaa cha kufuma tulijadiliana kama nchi mbili. Kilikuwa kimefunika matundu ya hewa ya ampu tangu 1986. Tumekubaliana kihamie juu ya spika ya kulia, na nikigeuka tu kinarudi.

Ikabaki deki. Mikanda ya mpira ndani yake ilikuwa imeyeyuka ikawa lami, nikaifuta kwa spiriti na vijiti vya masikio hadi vidole vikawa vyeusi kama vya fundi wa gereji. Mikanda mipya nilipima kwa uzi, nikapunguza kidogo ili ivute. Nikaweka kanda ya bendi ya Sikinde ambayo baba aliirekodi kutoka Radio Tanzania, mwandiko wake bado upo kwenye karatasi ya ndani. Ikaimba, safi, pande zote mbili. Nikamwita mama.

Alisikiliza amesimama. "Huyu ana haraka ya wapi?"

Mimi sikusikia kasoro yoyote. Lakini mama alikuwa msichana Sikinde ilipoanzishwa mwaka 1978, na nyimbo hizi alizicheza ukumbini DDC Kariakoo kabla hajazisikia kwenye kanda. Nikafungua tena. Nyuma ya mota kuna kitundu chenye kijiskrubu cha kurekebisha kasi, na alama za mikwaruzo zilionyesha kilishazungushwa. Yaani mkanda ulipoanza kulegea zamani, mtu hakuubadilisha, akaongeza mwendo wa mota. Sasa mkanda mpya unavuta sawasawa na mota bado inakimbia.

Mafundi wenye vifaa wana kanda maalumu ya mlio mmoja wa kupimia kasi. Mimi nilikuwa na mama. Akakaa kwenye kigoda mbele ya kabati, kiganja juu ya goti, nikashika bisibisi ya saa nyuma ya deki.

"Punguza."

Nikapunguza.

"Tena. Bado. Hapana, umempitisha, sasa anaumwa. Rudisha kidogo."

Nilizunguka kwa kipimo cha unywele. Kiganja chake kilikuwa kinapiga gotini, kinasita, kinapiga, kama mtu anayesubiri mwenzake waende hatua moja. Gitaa la solo likaingia. Kiganja kikaacha kusita.

"Hapo. Usiguse tena."

Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikatia tone juu ya skrubu ili asije mtu akaizungusha, nikaanza kukusanya vifaa. Mama alikuwa bado kwenye kigoda. Upande wa kwanza ulipoisha, deki ikajizima yenyewe, "tak", akanyoosha mkono, akageuza kanda bila kuniomba, akabonyeza.